Kabla hatujamvalisha mama mashine ya umeme

Mashine yenyewe, ya kupitisha umeme mdogo kichwani ili kusaidia kumbukumbu, ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Ina betri, ina nyaya mbili, na kila waya unaishia kwenye kipande cha mpira kilichopachikwa ndani ya sponji. Sponji zinaloweshwa maji ya chumvi. Moja inakaa kwenye paji la uso au juu ya sikio, nyingine upande wa pili wa kichwa, halafu mkanda unazibana zisicheze. Ukiwasha, umeme unapanda taratibu mpaka miliampia 1 au 2. Ngozi inawasha, inachonyota kidogo, kisha unazoea. Baada ya dakika 20 au 30 unavua, unakausha nywele, unaendelea na shughuli zako.

Kaka yetu mkubwa anaishi Dallas. Aliona tangazo la mashine ya aina hiyo, akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba anataka kumtumia mama. Mama ana miaka 72, anaishi Temeke, na ni mzima. Ana presha, anameza dawa zake kila asubuhi. Hajawahi kupotea njia wala kuacha sufuria ikiungua jikoni. Ila majina yanamponyoka: ataita wajukuu watatu ndipo ampate anayemtaka. Kaka ana hofu, na hofu yake naielewa, kwa sababu bibi mzaa mama aliishia kutomtambua hata mtoto wake wa kumzaa. Tuliyaona kwa macho yetu.

Dada alijibu papo hapo: "Kaka, unataka mama apigwe shoti?" Kundi likawaka. Nikaona afadhali nisome kabla sijasema lolote, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata na ninavyoyapima.

Kwanza hilo la shoti. Kuna tiba ya hospitali ambayo umeme wa mamia ya miliampia hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, ili ubongo upate degedege fupi. Ni tiba ya kweli kwa sonona kali, na inafanywa na madaktari. Mashine ya sponji ni kitu kingine kabisa. Umeme wake ni mdogo mno, hauwezi hata kuilazimisha seli ya neva ifyatuke. Unachofanya ni kuisogeza seli karibu na kufyatuka, au kuirudisha nyuma, kutegemea ni ncha ipi ya betri imekaa juu yake. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walilionyesha hilo mwaka 2000 kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha misuli: ncha chanya ilifanya sehemu ile iitike kwa wepesi zaidi, ncha hasi ikaifanya iwe nzito, na hali hiyo iliendelea kwa dakika kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Tangu hapo tafiti zimemiminika.

Zilizomvutia kaka zilitoka Chuo Kikuu cha Boston, kwa Robert Reinhart na wenzake. Wao hutumia umeme unaokwenda na kurudi kwa mdundo maalumu, ili kuiga midundo ambayo ubongo wenyewe hutumia sehemu zake zinapowasiliana. Mwaka 2019 walichukua watu wa miaka 60 hadi 76, wakawapa umeme huo kwa dakika 25 huku wakifanya mtihani wa kushika picha akilini kwa muda mfupi. Wazee walifikia kiwango cha vijana wa miaka ya ishirini, na nafuu hiyo ilidumu angalau dakika 50. Mwaka 2022 wakaja na kubwa zaidi: watu 150 wa miaka 65 hadi 88, dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo. Walikuwa wakisomewa orodha za maneno 20 na kutakiwa kuyataja. Waliopata mdundo wa haraka sehemu ya mbele ya ubongo walikumbuka vizuri zaidi maneno ya mwanzo wa orodha. Waliopata mdundo wa polepole sehemu ya nyuma kidogo walikumbuka vizuri maneno ya mwisho. Mwezi mmoja baadaye tofauti bado ilionekana.

Haya si mambo ya kupuuza. Mtu anayeyaita utapeli hajayasoma.

Jumapili moja baada ya chakula nilimweleza mama yote haya, kwa sababu kichwa kinachozungumziwa ni chake. Mama aliuza khanga na vitenge Kariakoo tangu sisi tukiwa shule ya msingi. Amezoea kumsikiliza muuzaji mpaka amalize, ndipo aulize. Akaniuliza: "Hao wazee wa Marekani, walipowekewa huo umeme, walikuwa wamekaa tu au kuna kazi walikuwa wanafanya?"

Nikamwambia walikuwa wakikaririshwa maneno.

"Sasa mbona kaka yako haizungumzii hiyo kazi?"

Swali hilo ndilo lililonipa njia ya kusoma yaliyobaki. Umeme mdogo namna hii hauleti kumbukumbu wala hauongezi akili. Unakuta ubongo unafanya jambo fulani, unausaidia kidogo katika jambo hilohilo. Ndiyo maana watafiti wengi wanaoshughulika na wazee wenye afya huufunga umeme pamoja na mazoezi ya akili. Mzee anafanya zoezi kwenye kompyuta, umeme unapita kichwani, na kundi jingine linafanya zoezi lilelile likiwa limevaa sponji zilezile bila umeme wa maana. Hao wa kundi la pili mashine huwashwa kwa nusu dakika hivi mpaka ngozi iwashe, kisha huzimwa kimyakimya, ili wasijue wamo kundi gani.

Hapo ndipo tofauti inapoanza kunywea. Kule Greifswald, Ujerumani, wazee wenye afya walipewa mazoezi ya kumbukumbu kwa siku tisa zilizosambazwa kwenye wiki tatu, nusu wakiwa na umeme halisi. Kwenye zoezi lenyewe walilofundishwa, umeme haukuwapa ushindi wowote juu ya wenzao, kwa sababu makundi yote mawili yalipanda. Faida kidogo ya umeme ilionekana kwenye mtihani mwingine unaofanana na zoezi hilo. Yaani sehemu kubwa ya nafuu ililetwa na mazoezi. Umeme ulifika baadaye, na mkononi ulikuwa na kidogo.

Kuna sababu za kimaumbile pia. Mtafiti wa ubongo György Buzsáki na wenzake walipima kwenye maiti, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba takriban robo tatu ya umeme unaowekwa juu ya ngozi hupotea kwenye ngozi yenyewe na fuvu kabla ya kuufikia ubongo. Unaobaki hausambai sawa kwa kila mtu. Kadiri ubongo unavyosinyaa na umri, maji yanayouzunguka huongezeka, na umeme hupenda kupita kwenye maji. Kwa hiyo kipimo kinachomfaa kijana wa chuo si lazima kimfikie bibi yake. Na mwaka 2016 watafiti 39 walitia saini barua ya wazi kwa watu wanaojiwekea umeme majumbani. Waliwaonya kwamba mabadiliko yanaweza kudumu kuliko wanavyodhani, kwamba kuongeza nguvu au muda kidogo tu kunaweza kugeuza matokeo yakawa kinyume, na kwamba kuboresha uwezo mmoja kunaweza kuudhoofisha mwingine. Waliotia saini ni watu wanaoifanya kazi hii kila siku, si wapinzani wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mashine hii kwa sasa mahali pake ni maabara, mikononi mwa watu wanaopima kabla na baada. Si sebuleni Temeke, mwendeshaji akiwa mjukuu aliyetazama video.

Turudi kwenye kazi aliyoiuliza mama. Jaribio ninaloliamini zaidi katika eneo hili halikuhusisha umeme hata chembe. Lilifanyika Marekani, linajulikana kama ACTIVE, likakusanya watu 2,832 wa miaka 65 na kuendelea, wote wakijitegemea nyumbani. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likafundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa kufuata mpangilio wa herufi na namba, la tatu kasi ya kuona na kuamua. La nne halikufundishwa chochote. Mafunzo yalikuwa vipindi 10 tu, vya saa moja au zaidi kidogo, katika wiki tano hadi sita. Baadhi walipewa vipindi vichache vya kukumbushia baadaye.

Zoezi la kasi nimelitazama kwa karibu, kwa sababu ndilo lililoleta matokeo yasiyotarajiwa. Katikati ya kioo cha kompyuta linatokea gari, wakati huohuo pembeni kabisa linatokea jingine. Vyote vinapotea kufumba na kufumbua. Unatakiwa useme lile la katikati lilikuwa gari dogo au lori, na la pembeni lilikaa upande gani. Ukipatia, muda wa kuonyeshwa unapunguzwa. Ukipatia tena, kioo kinajazwa vikorokoro vya kukupoteza. Halikuachi ulizoee. Ukilimudu tu, linakuwa gumu zaidi, na huo ugumu unaokufuata ndio mimi ninaodhani ni siri yake.

Mafunzo yalipomalizika, asilimia 87 ya waliofundishwa kasi walikuwa wamepanda kwa kiwango cha kuhesabika. Kwa waliofundishwa kufikiri ilikuwa asilimia 74, na kwa waliofundishwa kukumbuka asilimia 26 tu. Miaka 10 baadaye, waliofundishwa kasi na kufikiri bado walikuwa juu kwenye yale waliyofundishwa, ila wa kumbukumbu walikuwa wamerudi chini. Makundi yote matatu yalisema yalipata taabu ndogo kuliko kundi la nne kwenye mambo kama kupika, kusimamia fedha na kufuata dawa. Na uchambuzi wa mwaka 2017 ulionyesha waliofundishwa kasi walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu iliyopungua kwa asilimia 29. Namba hiyo nitaishika kwa tahadhari, maana ilitokana na uchambuzi wa baadaye. Lakini kwa saa zipatazo 10 za mafunzo, inashangaza.

Tazameni lakini kilichotokea: aliyefundishwa kasi alipata kasi, hakupata kumbukumbu. Aliyefundishwa kukumbuka hakupata kasi. Ubongo hulipa pale ulipotozwa. Watu 11,430 waliofanya michezo ya akili kwa wiki sita katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010 waliufahamu mchezo wao vizuri sana, na hapo ndipo faida ilipoishia. Hawa walikuwa wa miaka 18 hadi 60, si wazee, ila somo ni lilelile. Mwaka 2014 takriban wanasayansi 70 waliokusanywa na Stanford na Taasisi ya Max Planck ya Berlin walitoa tamko kwamba ahadi za wauza michezo hiyo zimezidi ushahidi. Januari 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri la serikali ya Marekani la kudai kwenye matangazo kwamba michezo yake huzuia kuzorota kwa akili uzeeni.

Kama ubongo hulipa pale ulipotozwa, swali linalonikalia kooni ni hili: sisi wazee wetu tunawatoza nini?

Dar es Salaam heshima kwa mzee mara nyingi huja kwa neno moja, pumzika. Mama, pumzika, nitakwenda sokoni mimi. Baba, pumzika, hesabu za nyumba ya kupanga atasimamia mdogo wetu. Bibi asishike simu, ataibonyeza vibaya. Tunawapokonya kazi moja baada ya nyingine, kwa mapenzi kabisa, mpaka wanabaki na kiti, runinga na kuitikia shikamoo. Mtu aliyekuwa akikariri bei za doti za khanga kwa wasambazaji sita, anajua nani anadaiwa na tangu lini, anajua mzigo gani utatoka kabla ya Idi, leo hatakiwi kukumbuka hata nauli ya daladala, kwa sababu analipiwa. Halafu akisahau jina la mjukuu tunashtuka na kuanza kutafuta mashine.

Na jibu la swali hilo lipo hukohuko kwa kaka. Denise Park wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watu 221 wa miaka 60 hadi 90. Wengine walijifunza kupiga picha za kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, wengine kushona mablanketi ya vipande, wengine vyote viwili, kama saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Wapo pia waliokutana tu kwa maongezi, matembezi na mapishi, bila kujifunza jambo jipya la kuumiza kichwa. Kumbukumbu iliyopanda ilikuwa ya wale waliojifunza, hasa waliojifunza upigaji picha. Kampani peke yake haikutosha. Ilihitajika kazi ngumu, mpya, yenye hatua nyingi za kushika kichwani.

Hapa wengi huuliza habari za bao. Nalipenda bao, na baraza za wazee wanaolicheza ni hazina ya mji huu. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji mahiri anaona kete zitakapoangukia baada ya mizunguko kadhaa kabla hajaigusa hata moja. Lakini mzee aliyecheza miaka 50 yuko nyumbani kwake pale. Vidole vyenyewe vinajua. Kwa hesabu za Dallas, anayefaidi zaidi ni yule anayeketi leo kujifunza namua, hatua ya kuanzia mchezo, kwa mara ya kwanza. Na kwa nini wanawake wasiketi pale? Mama hajawahi kufundishwa bao maisha yake yote.

Alichokifanya mama ni kingine. Ni mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na vijana walipendekeza hesabu zihamie kwenye simu, zikafanywe na katibu kijana. Mama alikataa kuachia, akasema atajifunza. Niliwakuta yeye na mjukuu wake wa kidato cha pili wamekaa kwenye mkeka, daftari la zamani limefunguliwa pembeni, simu mkononi mwa mama. Alipokosea safu ya marejesho mjukuu akainyakua simu amalizie. Mama akanyoosha mkono. "Lete hapa. Niambie, usinifanyie." Mtoto akarudisha, akaanza kueleza upya, mama akafuta, akakosea, akafuta tena, miwani ikimteleza puani. Ilichukua jioni nzima kuingiza marejesho ya wanachama wanne. Sijui jedwali lolote la utafiti linaloeleza mazoezi ya akili vizuri kuliko jioni ile. Simtoi mama yangu kuwa ushahidi wa sayansi. Mtu mmoja hathibitishi kitu. Ila ugumu uliokuwa unamfuata niliuona.

Jambo jingine linahusu nani anayepimwa. Washiriki wa ACTIVE walikuwa na wastani wa zaidi ya miaka 13 ya shule. Ukimpa mtihani wa karatasi na kalamu bibi wa Tandika ambaye hakupelekwa shule, utamwita mgonjwa ilhali ni mzima. Kwa hilo tuna cha kujivunia hapahapa nchini. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kutokana na kazi iliyofanyika huko kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno ayataje baadaye. Badala ya kuchora, anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye analipanga. Njiti za kiberiti kila mtu amezishika. Ningetamani zahanati zote za Dar ziwe na kipimo hicho na mtu aliyefundishwa kukitumia.

Mengine nitayasema kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali yameshasemwa. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani. Presha, sukari, lehemu, upweke, macho yasiyotibiwa, masikio yasiyosikia vizuri, yote yamo. Kutembea nako: wazee 120 wa Marekani walifuatiliwa mwaka mzima, na waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ilikua kwa asilimia 2 hivi, huku ya waliojinyoosha viungo tu ikipungua. Tatizo la Dar ni mzee atembee wapi, katikati ya bodaboda na mitaro iliyo wazi. Hilo si la familia kulimaliza peke yake.

Na mzee akianza kupotea njia anayoijua, kurudia swali lilelile ndani ya saa moja, au kubadilika tabia, habari za mazoezi ziachwe kwanza, apelekwe hospitali. Zipo sababu zinazotibika: sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, hata dawa anazozichanganya.

Kaka tumezungumza naye kwa simu, mama akiwa kwenye spika. Kilichokuwa kinanisumbua mimi ni runinga ya mama, ambayo siku hizi jirani anaisikiliza taarifa ya habari kupitia ukutani, na ile "eti?" yake kila ukimsemesha upande wa kushoto. Kaka amekubali hela ya mashine iende kwenye kliniki ya masikio, na ikibidi, kifaa cha kusikilizia. Ameniomba niendelee kufuatilia kazi za Boston, nami nitafuatilia. Mama naye amesema kama siku moja Muhimbili watatafuta wazee wazima wa kufanyiwa utafiti wa huo umeme, jina lake liandikwe, kwa masharti mawili: aelezwe mapema kazi atakayokuwa anaifanya akiwa amevaa hizo sponji, na arudishiwe nauli.